Injini haijaguswa

Fundi alivua saa, akaitia mfukoni, akaupenyeza mkono nyuma ya hauzingi, lile kasha la filta ya oili, mpaka kiwiko kikapotea. Alipoutoa, vidole viwili vilikuwa vyeusi, vinang'aa. Akavinusa, akavifuta kwenye kitambaa, akasema, "Mchukue hii."

Shemeji akanigeukia. Mimi nikamgeukia fundi.

Mbele yetu, chini ya mwarobaini wa gereji moja ya Sinza, zilikuwa zimeegeshwa BMW mbili, zote 325i za 2007. Ile nyeusi ilisoma kilomita 68,000 na injini yake ilikuwa safi hadi kwenye pembe ambazo hata kitambaa hakifiki. Dalali wake alikuwa na wimbo mmoja tangu tulipofika: "Bosi wangu, injini haijaguswa hii. Ni kuwasha na kuondoka." Ile ya fedha ilisoma kilomita 212,000. Ilikuwa na mkwaruzo mlangoni, viti vimechoka, na sehemu ya mbele ya injini ilikuwa na utando wa oili uliochanganyika na vumbi. Mkono wa fundi ulikuwa umetoka huko.

Na ndiyo hiyo aliyotaka tuinunue.

Jambo hili lilinikaa kichwani wiki kadhaa. Kila mtu aliyewahi kununua gari hapa mjini anajua sheria ya kwanza: chuchumaa, chungulia chini, ukiona oili aga kwa heshima. Na gari likiwa la Mjerumani unaaga mara mbili. Sasa mtu anayekula kwa kazi hiyo anatuambia kinyume chake, tena bila kusita.

Mwenye faida ni nani

Nilianza kwa kumshuku, na sidhani kama kuna mkazi wa Dar atakayenilaumu. Gari linalovuja ndilo linalolipa kodi ya gereji. Leo gasketi, wiki ijayo sili, mwezi ujao mauntingi (vishikizo vya injini), na baada ya hapo mmeshazoeana kiasi kwamba unaona aibu kwenda kwa fundi mwingine.

Nilimwambia shemeji hivyo hivyo tulipofika barabarani. Alitembea kidogo, akasema, "Shem, kwani ile nyeusi isingempa kazi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa mantiki yangu, fundi mwenye njaa angetusukuma kwenye lile gari ambalo sisi wenyewe tulikuwa tayari kulilipia, kisha angetusubiri. Hakuwa na haja ya kubishana na wateja. Alichagua njia ngumu, na mtu akichagua njia ngumu mbele yangu hupenda kujua ameona nini.

Tulirudi kesho yake na tochi.

Ndani ya tundu

Kuosha injini kabla ya kuuza ni desturi, wala si kosa. Sabuni kali, maji ya presha, kisha dawa ya kung'arisha plastiki. Tatizo ni kwamba injini iliyooshwa juzi imepoteza ushahidi. Oili ya zamani hushika vumbi na kuwa utando mkavu. Oili ya juzi huacha mkondo mbichi unaong'aa katikati ya vumbi hilo. Ukiona vyote viwili, unajua kipi kilianza lini na kinaenda kwa kasi gani. Kwenye injini inayometameta husomi kitu.

Fundi alifungua vifuniko vya kuwekea oili vya magari yote mawili na kuviweka juu chini kwenye meza, kimoja pembeni ya kingine. Cha ile ya fedha kilikuwa cha hudhurungi, chembamba, plastiki yake inaonekana. Cha ile nyeusi kilikuwa na gamba jeusi. Alilikwaruza kwa ukucha na gamba likatoka kipande, laini kama nta. Akamulika ndani ya tundu. Kwenye ile ya fedha chuma kilikuwa na rangi ya chuma. Kwenye ile nyeusi kulikuwa na weusi mtupu, na tochi haikuusaidia.

Dalali akasema hiyo ni kawaida ya BMW.

Kuna njia mbili za kufika pale. Ya kwanza tunaijua wote: namba za dashibodi zimerudishwa nyuma na gari limetembea mara tatu ya hizo, huku oili ikibadilishwa kwa kukumbuka. Ya pili ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu haihitaji mwizi. Gari la miaka karibu ishirini lenye kilomita 68,000 limetembea chini ya kilomita 4,000 kwa mwaka. Hizo ni safari za dukani na kurudi. Injini haipati moto wa kutosha, unyevu na petroli isiyoungua vinabaki ndani ya oili, oili inageuka tope, na mwenye gari anajiambia hakuna haja ya kuibadilisha kwa kuwa kilomita hazijafika. Dashibodi inaweza kusema kweli kabisa na injini ikawa imekufa nusu.

Ile ya fedha ilikuwa na bahasha. Risiti za oili, risiti ya pampu ya maji ya umeme (kwenye BMW za miaka hiyo hii hufa, hilo lihesabu mapema), risiti ya coil za plagi. Haikuwa bahasha nzuri. Nyingine zilikuwa zimefutika kiasi kwamba unasoma tarehe tu. Lakini ilionyesha kwamba kuna mtu alikuwa anaigusa hii injini mara kwa mara, na alikuwa analipia.

Tangu siku hiyo, nikisikia "haijaguswa" juu ya gari la Mjerumani lenye umri huo, ninasikia tishio.

Mpira na joto

Injini iliyomo ndani ya magari yote mawili inaitwa N52. Ilianza kutumika 2004: silinda sita kwa mstari, haina turbo, bloku ya magnesiamu iliyomiminwa kuzunguka kiini cha alumini. Jarida la Ward's la Marekani liliiweka kwenye orodha yake ya injini kumi bora mwaka 2006, na tena 2007. Mafundi wa BMW niliozungumza nao, ukiwauliza wangeweka injini gani kwenye gari lao wenyewe, wanaitaja hii kabla hujamaliza swali. Krenki, pistoni na kuta za silinda huvuka kilomita 300,000 bila kelele ikiwa oili ilikuwepo.

Inavujaje sasa?

Kati ya chuma na chuma kuna mpira, ndizo gasketi na sili. Na mpira hausomi dashibodi. Unahesabu miaka na joto, basi. Themostati ya N52 inaendeshwa na kompyuta: ukiwa kwenye mwendo mwepesi inaacha maji yapande hadi karibu nyuzi 112, ili msuguano upungue na petroli iokolewe, ukikanyaga, inafunguka na joto linashuka. Toyota nyingi tulizokulia nazo zinaendesha maisha yao kwenye nyuzi themanini na kitu, tisini na kitu. Wanakemia wana kadirio la siku nyingi kwamba ukiongeza nyuzi kumi, mmenyuko unakaribia kwenda kasi maradufu. Ni kadirio tu, lakini inatosha kukuonyesha gasketi ya Mjerumani inaishi jiko gani. Ongeza foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, upepo hauingii, na boneti imefungia moto wote ndani.

Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, tuliyoitoa baadaye kwenye ile ya fedha ilikuwa imekakamaa kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati. Niliikunja kidogo tu, ikakatika.

Hapo ndipo hofu yangu ya kilomita nyingi ilipoanza kulegea. Gari la kilomita 68,000 lina gasketi zenye umri uleule wa gari la 212,000, zimepikwa kwenye jiko lilelile. Tofauti ni kwamba kwa mmoja huenda zimeshabadilishwa, na kwa mwingine zinakusubiri wewe.

Inadondokea wapi

Zamani niliogopa wingi: tone moja sawa, dimbwi tatizo. Fundi anaangalia kilicho chini ya tone.

Mfano wake wa kwanza ni ile gasketi ya hauzingi ya filta, pale alipotia mkono. Ni kipande kidogo cha mpira, kinakaa kiganjani na nafasi inabaki. Ikichoka, oili inashuka taratibu mbele ya injini, na njiani inakutana na mkanda unaozungusha jenereta na pampu ya pawa ya usukani. Mkanda ukilowa unavimba, unateleza, unaanza kuchanika pembeni. Siku ukitoka kwenye puli, nyuzi zake zinaweza kuvutwa nyuma ya puli ya krenki na kusukumwa kupita sili ya mbele, hadi ndani ya injini. Vipande vinashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kwenda kuziba kichujio cha pampu ya oili. Injini nzima imeondoka kwa sababu ya kampira ambako bei yake mtu angeilipa bila kuuliza punguzo.

Hii imetokea kwa watu wengi wenye N52, na kwa ndugu zake wenye turbo, N54 na N55, vilevile. Ndiyo maana uvujaji wa pale haungojwi mwisho wa mwezi.

Tapeti kava ikivuja upande wa ekzosi, oili inaangukia manifoldi ya moto inayotoa moshi. Utaijua kwa pua kabla ya macho: umesimama kwenye taa, kiyoyozi kinaleta harufu ya kuungua, halafu ukianza kutembea inapotea. Watu huishi na harufu hiyo mwaka mzima na kuweka kipafyumu kwenye kioo. Nisingeishi nayo. Magari yameungua kwa namna hiyo.

Halafu kuna sampu. Ile ya fedha ilikuwa inalowa ukingoni mwa sampu, kote, jasho jembamba. Niliiona mimi nikadhani nimegundua kubwa. Fundi akatikisa kichwa. Kubadilisha gasketi ile ni kuishika injini kwa juu, kushusha fremu ya mbele iliyobeba usukani na mauntingi, na kufungua boliti za alumini ambazo ukishazifungua unazitupa, unaweka mpya, unazikaza kwa kipimo na kisha kwa nyuzi za mzunguko. Gereji ya haraka itakosa subira na kuokota boliti za chuma kwenye droo. Chuma ndani ya magnesiamu, pamoja na unyevu wa pwani hii, kinaanza kula meno ya bloku polepole, na mwenye gari hajui.

"Hilo jasho liache," akasema. "Futa, tembea, angalia."

Nilipenda sana kwamba alituambia kazi ambayo hataki kuifanya.

Kwa Mercedes mchezo ni mwingine kabisa, na nimekuja kuuogopa zaidi kwa sababu hauachi hata alama sakafuni. Kwenye injini za M271 na M272, zile zilizojaa kwenye C-Class tunazoziona kila kona, kuna magneti za kamshafti mbele ya injini. Sili zake zikichoka, oili inaingia kwenye plagi ya umeme, kisha inapanda ndani ya waya wenyewe, kati ya shaba na plastiki, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye kompyuta ya injini. Sakafu kavu, injini kavu, na siku moja taa ya injini inawaka kwa sababu ambayo mashine ya kupimia inaitaja kwa majina matano tofauti. Kuchomoa plagi moja na kuitazama kwa tochi ni kazi ya dakika. Kama unanunua C200, anza hapo kabla hujasifia rangi.

Glavu

Shemeji aliichukua ile ya fedha, kwa bei iliyokatwa gharama ya gasketi. Fundi alishauri abadilishe tapeti kava nzima, akaonyesha kwamba valvu ya kupumulia injini imejengwa humo humo ndani ya plastiki na BMW haiiuzi peke yake. Shemeji akasikia bei, akasema gasketi inatosha. Ningesema hivyo pia.

Injini ikakauka. Gereji nzima ilikuja kuitazama.

Kisha skrini ikaandika kwamba oili imepungua, iongezwe lita moja. N52 haina stiki ya kupimia. Kihisi kilichomo kwenye sampu ndicho kinachokuambia, na usipokuwa na mazoea ya kufungua hiyo menyu hutajua kitu mpaka ilalamike yenyewe. Shemeji akaongeza. Baada ya muda ikaandika tena.

Hapa ndipo niliporudi kwenye shaka yangu ya mwanzo kwa nguvu zote. Nje kavu, oili inapungua, maana yake inaliwa. Na injini inayokula oili, kwa lugha ya mtaani, ni ringi za pistoni zimechoka. Na ringi ni ovahoo, kufumua injini nzima. Na ovahoo ya BMW ni kuuza kiwanja. Nilimwona fundi ametuingiza mjini.

Nitoke nje ya habari kidogo, kwa sababu hili la kula oili tunalisema kwa upendeleo. Ndiyo, Audi na Volkswagen zina doa kubwa: injini ya EA888 kizazi cha pili, ile ya lita 2.0 yenye turbo kwenye A4 za 2009 hadi 2011 hivi, ilikuwa na ringi nyembamba na vitundu vya kurudishia oili vinavyoziba, na zikawa zinakunywa kwelikweli. Vitabu vya Volkswagen vinaruhusu hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000, kiwango ambacho mwenye Premio angekiita msiba. Lakini Toyota 2AZ-FE, ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier na Alphard na Vanguard tunazozigombania, ina ugonjwa wa familia hiyohiyo, na Toyota yenyewe ililazimika kuongeza muda wa dhamana kwa ajili yake Marekani. Mwenye Vanguard anabeba kopo la oili nyuma ya kiti na hasemi kitu. Mwenye Audi akibeba, mtaa mzima unajua.

Narudi gereji. Fundi hakuuliza kuhusu moshi. Aliwasha injini, akaiacha inaunguruma yenyewe, akajaribu kufungua kifuniko cha oili. Kiligoma. Alipokizungusha kwa nguvu kikaachia kwa mluzi, na mngurumo wa injini ukayumba. Akavuta glavu ya mpira kutoka mfukoni, akaitandaza juu ya tundu.

Glavu ilizama. Vidole vyote vitano vilivutwa ndani kana kwamba kuna mtu anaivaa upande wa pili.

Injini inatakiwa kuvuta kidogo tu pale, kiasi cha glavu kulegea na kubonyea. Ikivimba kwenda juu, aidha njia ya kupumulia imeziba au gesi inapita ringi, na presha ile itazisukuma sili nje moja baada ya nyingine. Huyo ndiye mteja anayebadilisha sili ya krenki kila baada ya miezi na kulalamikia sili feki. Ikizama namna ile, kipande cha mpira ndani ya valvu kimechanika, na injini inanyonya mvuke wa oili moja kwa moja kwenda kuungua. Ringi hazikuwa zimeguswa na tatizo.

Tapeti kava nzima ilinunuliwa. Kihisi kikatulia.

Sikumwomba fundi msamaha kwa sababu sikuwahi kumwambia nilichofikiri, lakini niliacha kubishana naye bei ya ufundi.

Mmiliki wa tatu

Swali lililobaki ni kwa nini watu wanaojua kutengeneza bloku ya magnesiamu waliweka valvu ya mpira ndani ya plastiki isiyofunguka, juu ya injini yenye moto vile.

Jibu nililolifikia halihusu uhandisi sana. Ujerumani, zaidi ya nusu ya magari mapya husajiliwa kwa majina ya makampuni. Gari linakodishwa miaka mitatu, linapiga kilomita nyingi za barabara kuu, linarudi. Anayesaini mkataba anaangalia gharama ya matunzo ndani ya hiyo miaka mitatu. Ndipo zikaja ratiba ndefu za oili: Volkswagen, kwa oili yake ya LongLife, iliruhusu hadi kilomita 30,000 au miaka miwili, BMW nao wakaiacha kompyuta iamue, na iliweza kufika kilomita 25,000. Kwa mtu wa kwanza, anayekimbia kasi moja kwenda Munich na kurudi, oili ile inamtosha. Kilometa za mwisho za ratiba hiyo anazilipa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine yupo Ubungo, au Thika, au Kampala.

Sio kwamba walitukusudia. Hatukuwepo kwenye hesabu tu. Hata ukaguzi wa lazima wa Ujerumani, TÜV, ambao gari jipya huupitia baada ya miaka mitatu na kisha kila miwili, unaichukulia oili inayodondoka kuwa kasoro ya kurekebishwa, kwa sababu inachafua ardhi na inaweza kushika moto. Gari likifika umri wa kukataliwa pale, au likifika umri ambao shaken, ukaguzi wa lazima wa Japani, inamgharimu mwenyewe kuliko thamani ya gari, linapanda meli. Kenya wanalizuia likizidi miaka minane. Sisi tunalitoza ushuru wa uchakavu na kulipokea.

Kwa hiyo mimi ratiba ya kiwandani siifuati na simshauri mtu aifuate. Oili sahihi, kilomita 7,000 au 8,000, filta ile ya karatasi inafunguliwa na mikunjo yake inatazamwa kwenye jua. Ukiona inametameta chembe za chuma, usiwashe tena mpaka ujue zimetoka wapi.

Oili nzito na silikoni

Niseme haraka kuhusu dawa mbili za mtaani, maana nimeziona zikiua.

Ya kwanza ni oili nzito. Injini inavuja, basi mtu anamwaga 20W-50 ili "izibe". Uvujaji hupungua kweli, siku chache. Lakini hizi injini hupanga muda wa valvu kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na asubuhi oili nzito huchelewa kufika. Kitabu cha N52 kinataka oili yenye idhini ya LL-01, kiwango cha BMW yenyewe. Imo ya 5W-30, imo hadi 5W-40, na kwa joto letu mimi ningechagua hiyo ya pili bila wasiwasi. Angalia idhini nyuma ya kopo, na nunua kwa mtu ambaye utampata kesho, kwa sababu makopo mazuri yenye oili mbovu yamejaa.

Ya pili ni silikoni. Kila gereji ina bomba lake. Inapakwa juu ya gasketi kuukuu ili kuokoa bei ya mpya, inakandamizwa, na kinachobanwa nje unakiona, unakifuta. Kinachobanwa ndani kinanyofoka vipande na kushuka kwenye kichujio kilekile cha pampu ambacho mkanda ungekiziba. Fundi anayekuambia "nimekuwekea nyingi haitavuja tena" amekupa sababu ya kuhama.

Zinazoshuka sasa

Wakati ninaandika, N52 zinaanza kuwa magari ya wazee. Kinachoshuka bandarini ni F30 (BMW 3 Series), W205 (Mercedes C-Class), Audi A4 za baadaye: silinda nne, turbo, injini ndogo inayobanwa zaidi. Nina shaka nazo zaidi kuliko hizi za kuvuja, kwa sababu kinachochakaa humo kimejificha.

BMW 320i ya F30, kwa mfano, ilianza na injini ya N20. Cheni yake ya taimingi inapita kwenye miongozo ya plastiki, na miongozo ya zile zilizotengenezwa hadi karibu 2015 imejulikana kuvunjika. Plastiki inashuka kwenye sampu, cheni inalegea, na kama umechelewa, valvu zinakutana na pistoni. Hakuna tone sakafuni wala harufu kwenye kiyoyozi. Dalili yake ni sauti: mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini, wazi zaidi asubuhi. Baada ya mabadiliko ya katikati ya 2015, F30 zilianza kuhamia injini ya B48, na kwa mwaka mmoja wa tofauti ningeongeza pesa nikachukua hiyo.

Fundi wetu ameshabadilisha namna yake ya kukagua. Mkono nyuma ya filta bado anautia, kifuniko bado anakigeuza. Lakini siku hizi kwa magari haya ya turbo anataka kwanza kuisikia injini ikiwaka kutoka baridi kabisa, sekunde zile chache kabla oili haijafika juu. Muuzaji akilileta gari limeshachemka, na kila mara ana sababu nzuri, anagusa boneti kwa kiganja na kumwambia aliache hapo hadi kesho alfajiri.

Wengine hawaachi.